Nyumba Ilipovuka Maji

Picha niliipiga kwa mkono mmoja,
wa pili umeshika kamba kama ya wenzangu.
Ndiyo maana imekaa upande,
bahari imeinama kama mtu anayesinzia kanisani.
Nyumba ya shangazi Ercira, mbao za manjano,
inaelea kati ya visiwa viwili,
pazia la jikoni limepigwa fundo lisilowe,
na nyuma ya mashua tatu inafuata, mpole,
kama ng'ombe anayekwenda kukamuliwa.

Kiwanja kiliuzwa. Nyumba haikuuzwa.
Hapa Chiloé jambo hili huitwa minga;
ni msaragambo tu: unaomba mikono,
unalipa kwa chungu.

Niliituma usiku, mvua ikipiga bati,
nikaandika neno moja: Tumefika.
Kisha nikaenda kula viazi.

Asubuhi simu ilikuwa ya moto
kama mawe tunayopikia kome shimoni.
Watu laki tatu walikuwa wamepita
sebuleni kwa shangazi bila kupiga hodi.

Wa Oslo aliacha kinywa wazi.
Wa Manila aliweka moyo, akaweka moyo,
akarudi saa kumi alfajiri kuweka wa buluu.
Wengine walilia mafuriko: maskini, dunia inakwisha!
Muuza bima akatubandika kwenye tangazo lake.
Mtu fulani akaongeza nyangumi chini ya sakafu,
na nyangumi yule, nakiri, alipendeza.

Halafu akaja mjuzi.
Uongo, akasema. Hii ni kazi ya mashine.
Tazameni kivuli pale kwenye kona,
kivuli gani kina mabega?
Akakizungushia duara jekundu.
Elfu arobaini wakamwitikia, naam, naam.

Ndani ya duara lile yumo Nolberto Chiguay,
maji kifuani, bega limeegemea ukuta,
na mpaka leo ninapoandika
hajaweza kufunga viatu bila kumwita mkewe.

Nikampelekea shangazi simu.
Akavaa miwani ya marehemu mumewe,
akaivuta picha kwa vidole viwili, akaivuta tena,
akapita bahari, akapita mashua, akapita pazia,
akasimama dirishani.
"Birika langu," akasema.
"Kumbe lilivuka hapo hapo, na maji yake ndani."
Akacheka mpaka miwani ikateleza.

"Na hawa wote wanataka nini?"
Hawataki kitu, shangazi. Wanashangaa.
"Mh."
Akanirudishia simu kama mtu anayerudisha chenji pungufu.
"Basi waambie Jumamosi tunaipandisha kilima.
Jozi nane za maksai hazitoshi.
Anayeshangaa na alete mikono."

Nikawaambia. Niliandika hivyo hivyo, neno kwa neno.
Mioyo ikamiminika kuliko mara ya kwanza.

Jumamosi akaja mmoja.
Kijana wa Puerto Montt, viatu vyeupe, feri mbili na basi.
Hakusalimia. Alikwenda moja kwa moja hadi konani,
akaugusa ukuta kwa kiganja,
akaunusa.
Nolberto alimtazama kwa muda,
kisha akasogea kidogo, kumwachia nafasi,
akampa ncha ya kamba.

Sikumuuliza kama ndiye.
Matope yalivinywa vile viatu kabla ya adhuhuri.
Kilima kile kina hila: unapodhani umefika
kinakuonyesha mgongo mwingine.
Maksai walipiga magoti mara mbili,
na mara ya pili sote tulinyamaza,
nyumba ikaguna juu ya magogo
ikifikiria kurudi baharini.

Usiku ule naye alituma picha yake.
Viganja viwili, malengelenge sita,
mwanga mbaya, hakuna bahari, hakuna maneno.
Watu kumi na mmoja waliiona.
Mmoja akauliza: ni nini hiki?

Niliikuza kwa vidole viwili.
Nyuma ya kidole gumba chake, nje kidogo ya mwanga,
kuna mvuke.
Birika limeshapanda jikoni.